Upepo Unaovuta

Jumanne, tarehe 14 Machi 1967. Asubuhi ilikuwa na mawingu mazito bila upepo. Moshi wa jikoni ulipanda wima juu ya boma letu, nje kidogo ya mji wa Homa Bay, na ziwa kule chini lilitulia kama uji uliopoa. Jeneza la mume wangu, Nicanor, lilikuwa uani. Kaburi lilikuwa limechimbwa. Hata hivyo hakuna aliyeinua jeneza, kwa sababu mdogo wake, Elkanah, alikuwa amesimamishwa nje ya lango, na baba yao alitaka kwanza kujua kama aliyesimama pale ni mfiwa au ni muuaji.

Kwetu, aliyemwaga damu ya ndugu yake hatupi udongo kaburini mwake. Hakuna anayekula naye bakuli moja. Lango likifungwa mbele yake, watoto wake nao wamekuwa wageni.

"Abdullah," alisema Mzee Cephas, baba mkwe wangu, "sema tena. Polepole."

Abdullah alikuwa na duka la vitambaa mjini. Hatukuwahi kumkuta na kipimo pungufu, na hilo ndilo lililotutisha.

"Mzee, sikuja kumchongea mtu. Tulikuwa stesheni ndogo kule kwenye mashamba ya miwa, tunangoja treni ya Kisumu. Ikaja ya mizigo, haisimami, inakwenda mbio. Nicanor alikuwa ukingoni kabisa, ameshika bati la kuezekea. Nikaona mikono ya Elkanah mgongoni mwake. Halafu Nicanor akaenda kwenye treni. Wallahi, hilo ndilo nililoliona."

"Nilimshika koti nimrudishe!" Elkanah alipaza sauti kutoka langoni. "Upepo wa treni ulilivuta lile bati, Baba, ukamvuta na yeye. Nilimpigia kelele aliachie. Hakuliachia!"

Shangazi yao, Filister, alicheka kicheko kikavu.

"Upepo unavuta? Omera, wewe kijana, sisi tumezaliwa ziwani. Upepo husukuma. Ungekuwa upepo, ndugu yako angeangukia huku kwenye miwa, na leo angekuwa hapa anatusimulia."

Watu waliguna. Ukiacha Abdullah na Elkanah, hakuna mmoja wetu aliyewahi kusimama kando ya reli. Tulichojua ni tanga, na makapi yanayoruka kutoka kwenye ungo: upepo ukija, kitu hukimbia. Nyuma yangu mtu alinong'ona kwamba Elkanah alitaka mke wa kaka yake, na wote waliosikia wakanitazama.

Nami nilikuwa nimeamini. Siku tatu nilikuwa nimeketi kwenye mkeka, nikimwomba Mungu amhukumu Elkanah kabla jua halijazama. Niliomba kwa bidii, kama mtu anayetwanga.

Lakini nikitazama ule moshi uliosimama wima, nilikumbuka masomo ya jioni.

Mwezi wa Januari dhoruba iliondoa paa letu la nyasi. Wiki hiyo nilimuuliza Mwalimu Ratemo, aliyetufundisha watu wazima kanisani, kwa nini upepo uliopita juu ya nyumba uliliinua paa badala ya kulikandamiza. Alichana karatasi mbili, akazining'iniza mbele ya mdomo wake, moja huku na moja huku. Akatuuliza: nikipuliza katikati, zitakwenda wapi? Tukajibu kwa pamoja, zitaachana. Akapuliza. Zikagusana. Hewa inayokwenda mbio, alisema, hupungukiwa na nguvu ya kusukuma kando; basi ile iliyotulia upande wa pili huishinda na kusukumia vitu kule. Tulicheka kama watoto. Kisha nikarudi nyumbani, nikaandika barua ya kwanza maishani mwangu kwa mkono wangu mwenyewe. Nilimwandikia Nicanor kazini kwake, kule kwenye miwa. Nilimwomba bati.

Elkanah akiwa muuaji, barua yangu ilikuwa karatasi tu. Elkanah akiwa mkweli, basi mume wangu alikufa ameshikilia kitu nilichokiomba mimi.

Bwana, nilisema moyoni, nifunge mdomo. Nilingoja. Hakuufunga.

Niliingia ndani nikachukua daftari, nikatoka.

"Nyar Suna, kaa chini," Filister alinikemea kwa jina la kwetu, binti wa Suna, kule Migori. "Mjane hatembeitembei jeneza likiwa uani."

Nilichana karatasi mbili. Sauti ya kuchanika ilisikika mpaka langoni. Nilipiga magoti mbele ya Mzee Cephas, nikazishika zining'inie usoni pake.

"Baba, ukipuliza katikati, zitakwenda wapi?"

"Sasa tunazika au tumefungua shule?" mtu aliuliza, na wachache wakacheka.

Mzee hakucheka. "Zitaachana."

"Puliza, Baba."

Alipuliza. Karatasi zikakaribiana. Alikunja uso, akavuta pumzi, akapuliza kwa nguvu zake zote za uzee, nazo zikapigana kama viganja. Alipoacha, zikaachana. Alinishika mikono akaitazama, akidhani nimezisogeza. Kisha akazichukua, akazishika mwenyewe, akapuliza tena.

"Treni ilipita upande mmoja wa bati," nilisema. "Upande mwingine hewa ilikuwa imetulia. Na lile bati, Baba, nililiomba mimi. Kwa barua."

Abdullah alivua kofia yake. "Mzee, niliona mikono. Lakini kama ilikuwa inavuta au inasukuma, hapo siwezi kuapa."

Mzee Cephas alinitazama. Mpaka leo sijui alichokiona. Nilikuwa nimejitayarisha kufukuzwa. Aliinuka akiegemea bega langu, jambo ambalo baba mkwe hafanyi kwetu, akatembea polepole hadi langoni. Aliishika mikono ya Elkanah, akaigeuza viganja vikawa juu. Vilikuwa vimechubuka kuanzia kidole hadi kidole, kama vya mtu aliyeng'ang'ania kitu kikamponyoka.

Alitugeukia bila kuiachia.

"Mniangalie vizuri, nyote, na wewe Abdullah. Siku nitakapokufa mimi, mtu yeyote asiguse udongo kabla ya huyu. Nimesema mbele yenu, na mbele ya Nicanor."