Mshono wa Ukurasa wa Pili

Mswada wa mkunga ulikaa kwa wakala wa waandishi miezi tisa kamili, muda ambao kazini kwake lazima kitu kiwe kimetoka. Kilichotoka ni barua: "Tumeusoma kwa makini hadi mwisho. Kwa bahati mbaya, mwisho haukutugusa."

Mawakala watatu waliotangulia walimjibu maneno hayohayo, hata nukta hazikuhama. Ndiyo maana safari hii, kabla ya kuutuma, mkunga alizishona kurasa zote pembeni, kuanzia ukurasa wa pili hadi wa mwisho, kwa uzi uleule anaowashonea wazazi wodini. Akafunga na fundo. Sasa mswada uliporudi pamoja na barua, alilitazama fundo lake. Lilikuwa zima, bikira, halijaguswa na ukucha wa binadamu.

Damu ikamchemka. Akaenda ofisini kwa wakala na sare yake ya kazi, akaubwaga mswada juu ya meza ya karani, mbele ya wakala mwenyewe.

"Karibu, mama. Tukusaidie nini?" wakala aliuliza.

"Nimekuja kuulizia mwisho usiokugusa. Yule bibi harusi anaishia wapi?"

Wakala alikohoa, akatazama dari kana kwamba jibu limebandikwa huko. "Anaolewa. Ila mapema mno."

"Humo hamna bibi harusi, baba! Mna mapacha na daktari mwizi!"

"Mama, tuelewane. Tunapokea miswada mingi..."

"Na mimi napokea watoto wengi! Umewahi kusikia nimemrudisha mmoja tumboni, nikamwambia mamake hakunigusa?"

"Usinipigie kelele ofisini kwangu!"

"Nitapiga! Soma kwanza, halafu unikatae kama mtu mzima!"

"Jamani, punguzeni sauti."

Wote wawili wakageuka. Alikuwa karani. Umbea ulikuwa umemshinda. Mkasi mkononi, uzi umekatika, macho yamezama ukurasa wa tano.

"Pacha wa pili ndiyo kwanza anatoroka," alisema bila kuinua kichwa.

Mkunga alivuta kiti taratibu, akaketi, asije akamkatiza.

Wakala akanyoosha mkono. "Hebu lete nione."

Karani akaukumbatia mswada. "Subiri zamu yako, bosi. Utajibiwa baada ya miezi tisa."

Simu ya mezani ikalia, ikalia tena. Ikabidi wakala aipokee mwenyewe.