Kesi ya Doli Inayokimbia

"Kwa hivyo unataka nikubali kwamba mimi si mtu," Jepchumba alisema, akaibwaga karatasi yake ya malalamiko kwenye kaunta, katikati ya mipira na magari ya plastiki.

"Nataka ukae kimya mpaka saa kumi," Rael akajibu. "Baada ya saa kumi, kuwa mtu kadiri upendavyo."

Ugomvi huo walikuwa wameuanza tangu chai ya asubuhi, na hakuna aliyelegeza kamba. Jepchumba alikuwa wifi yake, dada mkubwa wa mumewe, na zamani alikuwa bingwa wa marathoni. Hata sasa vijana waliofanya mazoezi barabara ya Kiplombe walimsalimia kwanza ndipo wampite. Rael aliuza vitu vya kuchezea watoto katika duka dogo mjini Eldoret, na hakuwahi kukimbia popote isipokuwa kuwahi benki kabla mlango haujafungwa.

Kilichowagombanisha ni doli. Rael alikuwa ameagiza kutoka ng'ambo katoni za doli za wasichana wakimbiaji, wenye kaptula, namba kifuani na kitufe mgongoni. Ukikibonyeza, doli inatimka. Mtaji wote wa duka ulikuwa ndani ya katoni hizo. Watu wa forodha walishikilia kwamba doli yenye sura ya binadamu inatozwa ushuru mkubwa, na yenye sura ya mnyama au zimwi inatozwa mdogo. Mfanyabiashara mmoja wa Nairobi, aliyeleta doli kama hizo, akaenda mahakamani, na wiki hiyo hakimu akatoa uamuzi: kiumbe kinachokimbia bila kuhema, bila jasho na bila kupunguza mwendo hakiwezi kuwa binadamu. Kitozwe ushuru wa mazimwi.

Kwingine nchini watu walisoma habari hiyo wakafungua ukurasa wa michezo. Eldoret haikuweza. Huku kila ukoo una mtu anayekimbia bila kuhema.

Mji ukaingiwa na wazimu mtamu. Mkimbiaji mmoja aliingia hotelini, akala akashiba, akakataa kulipa kwa sababu zimwi halina mfuko. Mhudumu akamwambia basi angejua mapema, angempa sukuma wiki mbichi. Mwingine alipanda bodaboda akatozwa nauli ya mzigo. Kule Munyaka, wajomba wa bibi harusi waliahirisha kupokea mahari mpaka rufaa isikizwe, maana bwana harusi alikuwa wa mbio za mita elfu kumi. Na kanisani, mchungaji aliwaomba binadamu wasimame waimbe. Safu mbili za mbele zikabaki zimeketi, zimekunja mikono, zikimwangalia tu.

Rael alicheka na wenzake mpaka Murunga, wakala wake wa forodha, alipopiga simu asubuhi hiyo. Katoni zingetoka leo kwa ushuru mdogo, mradi pasiwe na mtu wa kupinga kabla ya saa kumi. Akitokea wa kupinga, zitarudishwa stoo hadi kesi isikizwe upya, na hiyo ni baada ya Krismasi. Nani ananunua doli Januari, wazazi wanapokimbizana na sare za shule? Duka lingefungwa. Na mpingaji, wa kwanza kutia sahihi, alikuwa wifi yake mwenyewe.

"Ni wewe utakula hasara, Rael, najua," Jepchumba alisema, sauti ikishuka kidogo. "Lakini mimi nitawaambia nini wajukuu? Kwamba nililetea nchi medali nikiwa zimwi?"

"Waambie zimwi likujualo halikuli likakwisha," Rael akasema. "Mimi ndiye ninayeliwa hapa, tena na ndugu."

Wakoli, muuza viatu vya mitumba wa mlango wa pili, alikuwa ameegemea nguzo akifaidi kila neno. Akauliza kama kuna aliyewahi kuiona hiyo doli ikikimbia.

Wakatazamana. Hakuna aliyeiona. Mji mzima ulikuwa umegombana juma zima juu ya mbio ambazo hakuna aliyezishuhudia. Murunga alikuwa amemletea Rael doli moja ya mfano, lakini ilikuja bila betri na ikawekwa juu ya rafu kama pambo. Rael hakupoteza muda. Alifungua redio ya dukani, ambamo wasikilizaji wawili walikuwa wakibishana kama wakimbiaji waendelee kupiga kura, akatoa betri, akaipachikia doli, akaiweka barazani na kubonyeza kitufe.

Doli ikatimka. Mkono wa kulia ulikwenda mbele pamoja na mguu wa kulia, wa kushoto na wa kushoto. Ilitua kwa visigino, kama mtu anayeua mende. Kichwa kilidonoa hewa kama kuku.

Jepchumba alichutama papo hapo. "Mkono," aliiambia doli. "Badilisha mkono. Nyanyua goti." Akaishika, akairudisha mwanzo, akaibonyeza tena. Doli ikaua mende wengine. Watu walianza kujaa. Wakoli akajaribu kukimbia vile, mkono na mguu wa upande mmoja, akaangukia rundo la viatu vyake, na baraza nzima ikaangua kicheko. Mama mmoja alimshikilia mwenzake asianguke. Jepchumba alicheka mpaka akafuta machozi kwa leso, kisha ghafla akaenda kaunta, akachukua karatasi yake.

"Nikipeleka hii karatasi, nitakuwa nimeiambia serikali kwamba huyu ni mtu kama mimi."

"Ndiyo."

"Na watoto wa nchi nzima watajua hivi ndivyo tunavyokimbia."

"Na namba kifuani," Rael akaongeza.

Jepchumba aliitazama doli kwa muda, kwa macho ya kocha anayemkata mtu kwenye timu. "Hakimu amesema kweli," alisema, "ila sababu zake ni za kijinga. Kutochoka si kosa. Huyu hajui kukimbia."

Akaichana karatasi mara mbili, akamkabidhi Wakoli vipande. Lakini wakimbiaji wenzake waliotia sahihi walikuwa tayari langoni pa ofisi ya forodha wakiwa na nakala, na barabara ilikuwa imezibwa na maandamano yao. Hakuna gari wala pikipiki ambayo ingepita. Jepchumba alivua viatu vya kwenda mjini, akafunga leso kiunoni, akaibana doli kwapani.

"Acha ningoje kwanza wakubali, ndipo nilipe," Rael alisema.

"Wewe lipa," Jepchumba akasema, akaondoka.

Umati ulimpisha katikati ya barabara. Rael akampigia Murunga, akamwambia alipe ushuru wa mazimwi sasa hivi. Murunga akauliza kama ana uhakika, maana wakimbiaji wamejaa langoni na wamekunja nyuso.

"Lipa, Murunga. Wifi yangu yuko njiani."

Murunga alichungulia langoni, kisha akasema Jepchumba amekwisha fika, anawaonyesha doli juu ya boneti ya gari la mtu, na lango zima linacheka. Halafu akalipa.