Hajamgusa

Jumapili ile nusu ya mtaa wetu wa Mfaranyaki ilikuja kumwona Romanus, nami niliumia kama mtu aliyeingiliwa jikoni kwake.

Kabla ya hapo tulikuwa wachache. Mzee Salum, mfanyabiashara wa mitumba kutoka Tunduru, alifungua belo moja akakuta viatu vya magurudumu mahali pa makoti. Mwingine angevitupa. Yeye alipanga lile godauni la zamani la tumbaku, lililokaa tupu tangu biashara ilipoachiwa watu binafsi, akaisugua sakafu mpaka ikang'aa, akaanza kuwakodisha vijana viatu kwa saa. Mimi nilikuwa nauza togwa mlangoni. Jioni wengine walipoondoka na magoti yaliyochunika, Romanus alibaki. Alikuwa kinyozi pale sokoni, mrefu, hana maneno. Aliteleza kinyumenyume kwa mguu mmoja, mikono ameinyoosha, halafu akajikusanya na kuzunguka kama pia hadi uso ukapotea. Nilikuwa nikisahau kufunika ndoo.

Hakujua jina langu. Aliniita dada wa togwa, akanywa, akarudisha kikombe huku anatazama magurudumu yake. Sikumlaumu. Mimi nilimjua, ikanitosha.

Kisha Mzee Salum akatangaza mashindano. Waamuzi watatu, muziki wa kaseti, kila mmoja anateleza peke yake na kupewa maksi. Mshindi angepata redio, tena angekwenda Tunduru pamoja na mzee kufungua uwanja wa pili na kufundisha vijana wa huko. Niliomba Romanus ashinde. Nilipomwona Shakila, nilianza kuomba vingine.

Shakila alikuwa mpwa wa Mzee Salum, amekuja na basi la Tunduru jana yake. Gauni la njano, viatu vya visigino, kicheko kinachosikika hadi barabarani. Alisimama mbele kabisa.

"Romanus ndiye yupi? Yule mrefu? Wallahi huyu narudi naye nyumbani!"

Watu wakacheka. Romanus naye akasikia, akatabasamu. Kumbe alikuwa na mwanya. Miezi yote ile nilikuwa sijauona.

"Recho, utakiminya hicho kikombe kipasuke," alisema Lidwina, rafiki yangu, aliyekuwa amekaa kwenye kreti karibu nami.

"Simminyi mtu."

"Nimesema mtu mimi? Nimesema kikombe."

Mwamuzi mkuu alikuwa Mwalimu Urban. Alishika spika akaonya: "Hakuna kutuza mpaka muziki uishe! Hapa si kwenye ngoma. Hawa wana magurudumu miguuni, hawawezi kusimama ghafla." Watu wote wakaitikia, na hakuna aliyesikia. Kwetu mtu wako akicheza vizuri unaingia uwanjani, unambandika noti kwenye paji la uso au unamfunga kitenge kiunoni. Ukikaa tu utaambiwa una roho mbaya. Ramson, mmoja wa washindani, alipoteleza, shangazi yake aliingia na noti mkononi, akabaki katikati anageuka huku na huku, Ramson akimzunguka kama mbwa anayefukuza mkia. Watu walipiga makofi wakidhani ndivyo ilivyopangwa.

Zamu ya Romanus ilipofika nilisimama juu ya kreti la Lidwina. Alianza polepole. Alipita ukutani akiwa ameinama, akageuka, akarudi kinyumenyume kwa mguu mmoja, na godauni zima likapiga kelele. Kila waliposhangilia nilihisi wananipokonya. Wale hawakumwona alipokuwa anaanguka mara kumi kwa jioni moja. Wamekuja kwenye chakula kilichoiva, na mwenye mdomo mkubwa kuliko wote ni yule wa njano.

"Romanus! Baba! Niue!"

Akatoa kitenge kipya kwenye mkoba wake, akaingia uwanjani na vile visigino.

Karibu na nguzo ya tatu sakafu ina ufa. Kila jioni Romanus alipofika pale aliinua mguu kidogo, hata hatazami, kama mtu anayeruka kizingiti cha kwao. Safari hii alikuwa amegeuza uso anamtafuta Shakila. Gurudumu likazama kwenye ufa. Alianguka kwa ubavu, akaburuzika, akaishia miguuni pa Shakila, na kitenge kikamwangukia kichwani.

"Kamwangusha!"

"Mtoeni nje huyo!"

Ganda la chungwa likarushwa likampata Shakila begani. Mzee Salum alijifunika uso kwa kofia yake. Muziki ukazimwa, Mwalimu Urban akaja mbio.

"Romanus, amekugusa?"

Romanus alitazama goti lake. Kisha akatazama redio, pale kwenye meza ya waamuzi.

"Kanigusa, mwalimu. Kanivuta shati."

"Mimi?" Shakila alishika kifua. "Mimi nimekuvuta, Romanus? Mbele ya Mungu?"

"Kama amekugusa unarudia toka mwanzo," Mwalimu Urban alisema, "na yeye anatoka nje, hata kama ni mpwa wa mwenye uwanja. Nani ameona?"

Wote walikuwa wameona.

"Kamshika kiunoni!" alisema mama mmoja aliyekuwa amenipa mgongo muda wote, anagombea chenji ya mtu mwingine.

"Kiunoni nini, kamkumbatia kabisa!"

Shakila alianza kulia. Ilinipasa nifurahi. Wangemtoa, Romanus angerudia, angeshinda. Lakini lile neno la kiunoni liliniingia kama mwiba chini ya ukucha. Mji mzima ungelala na habari kwamba Shakila wa Tunduru alimshika Romanus kiunoni, na kesho pale sokoni wangeongeza, na Romanus mwenyewe ameshakubali.

"Hajamgusa!"

Nilidhani ni mtu mwingine aliyesema. Lidwina alikuwa ananitazama mdomo wazi.

"Nani huyo? Shuka, mwanangu, uje hapa," aliita Mwalimu Urban.

Nilivuka ile sakafu nikishika doti langu la kanga kwa mikono miwili.

"Shikamoo, mwalimu."

Watu wakacheka.

"Marahaba. Umeona nini?"

"Hajamgusa hata kidogo. Gurudumu limeingia kwenye ufa, pale. Kila siku anauruka."

"Sasa mbona hakuuruka?"

Ningesema sijui. Ndivyo nilivyozoea kujibu nikiulizwa mbele za watu.

"Alikuwa anamtazama huyu dada."

Godauni lilivunjika kwa kicheko. Vijana walipiga mabati ya ukuta kwa ngumi. Lidwina akapiga kigelegele, "Recho! Recho wa togwa!" Mwalimu Urban alikwenda kwenye nguzo, akachuchumaa, akapitisha kidole kwenye ufa palipokuwa na alama nyeusi ya mpira, akarudi mezani. Redio alipewa Ramson.

Shakila alinishika mkono. Alikuwa ameshafuta machozi. "Ahsante, mdogo wangu. Mungu akulipe." Alinukia vizuri, na mkono wake ulikuwa laini, nikauchukia. "Hivi huyo Ramson kwao wapi?" akaniuliza kwa sauti ya chini.

Romanus alikuwa amekaa kwenye benchi anafungua kamba za kiatu cha kushoto. Suruali imechanika gotini. Aliinua kichwa, akanitazama mimi, usoni kabisa.

"Kumbe unaona sana, Recho."

Jina langu kwenye kinywa chake lilikuwa chungu. Sijui ni mara ngapi nilikuwa nimeomba anitazame, na siku zote, akielekea tu upande wangu, mimi ndiye niliyeinamia ndoo. Sasa sikuinama. Nilimkodolea macho mpaka yeye akaona haya, akaanza kufungua kiatu cha kulia.