Mitetemo Isiyo ya Ardhi

Kila alasiri, mwaka ule wa 1997, Fortunat alibadilisha karatasi ya mashine ya kupimia matetemeko, akachonga penseli, akanywa chai ya rangi. Ofisi ilimtaka aorodheshe mitetemo yote ya mwambao wa Ziwa Tanganyika, ili ramani ioneshe uwezekano wa kila mtaa wa Bujumbura kutikiswa vibaya katika miaka hamsini ijayo. Kanuni ilikuwa kuchuja kwanza. Malori, baruti za machimbo, mizinga ya milimani, vyote vifutwe, ibaki ardhi peke yake.

Mizinga aliifuta bila kinyongo. Kazi ilikwama Mutakura, mtaa uliokaa miaka miwili bila nyumba yenye paa. Huko, saa kumi na moja jioni, sindano ilichora nyayo za waliouawa humo vitani, wakiwa bado wanarudi kwao kutoka sokoni. Za mkewe, Spès, zilikuwamo: mguu mmoja mzito, mwingine mwepesi, maana nyonga ilimsumbua tangu utotoni. Fortunat alimsubiri kwenye karatasi kama zamani mlangoni, na alipofika moyo ulimtulia.

Wiki moja alikosea akafuta nyayo za mzee mmoja. Mzee hakurudi tena.

Bwana Gélase, mkuu wa ofisi, alishuka kutoka Kiriri, kilima cha wakubwa, akavaa miwani, akazitazama nyayo. Hakubisha, hata alimtambua fundi wake wa viatu. Ila wakubwa walikuwa wakingoja ramani wagawe viwanja.

"Ii haitoke mu udongo, Fortunat. Ni batu. Uitoe."

"Chef, nikiitoa, karte itasema nini juu ya Mutakura?"

"Itasema apana hatari."

Fortunat akafuta siku nzima, mistari elfu mbili na ushei. Mmoja akauacha, akauandikia: tetemeko dogo, kina sifuri.

Ramani ikatoka nzuri. Mutakura yote kijani, isipokuwa kiwanja kimoja chekundu, ambapo uwezekano wa kutikiswa ni mia kwa mia. Vingine vyote wakubwa waliwagawia watu wao, wakajenga.

Spès bado anakuja saa kumi na moja. Fortunat humsubiri, hufurahi, kisha huona haya. Sindano huonesha mkewe akisimama mbele ya kila lango la jirani wa zamani, muda wa kutosha salamu, anangoja kidogo, kisha anaendelea.