Mama Dubu Anaziba Picha

Jumatano asubuhi Bi Loretta Wisniewski, mjane, alisukuma pipa lake la taka hadi barabarani. Katika kitongoji kile cha New Jersey ilikuwa marufuku kulitoa usiku, dubu wasije wakalipindua. Huku watu wakifunga mapipa kwa minyororo, jirani yake Todd Hanley alikuwa verandani na sinia la donati zilizopakwa siagi ya karanga. Dubu jike mweusi na wanawe wawili walikuwa wakila, naye akiwapiga picha.

"Todd, watakuja kukuingilia ndani hawa, wapigwe risasi."

"Acha roho mbaya, jirani. Hawa ni familia yangu."

Familia! Todd akaenda zake ufukweni wiki nzima, sinia likakaa tupu. Mama dubu alingoja verandani mpaka akachoka, akausukuma mlango wa jikoni, akafungua jokofu. Todd aliporudi akamkuta sakafuni, anakula jibini. Akapiga simu analia, kavamiwa na mnyama katili.

Ofisa wa wanyamapori akamuuliza kama amewahi kumlisha.

"Mimi? Katu!"

Loretta akatoka mbio na kandambili zake. "Muongo mkubwa wewe! Kila siku unamlisha, mtaa mzima unajua!"

Ofisa akawageukia majirani. Wote walikuwa wamezisifia zile picha za Todd, na sasa wote walikuwa wanatazama nyasi zao. Dubu akapigwa risasi karibu na bembea, wanawe wakiangalia kutoka juu ya mti.

Kesho yake yule dubu alirudi. Alikuwa amekufa, ana tundu ubavuni, nzi wamemjaa, na alinuka hata watu wakafunga madirisha. Mama wa nyumba ya kona aliuliza kama kamati ya mtaa itanunua dawa ya kuondoa harufu. Kamati ikasema italijadili.

Todd alikuwa ameshaweka sinia jipya, la wale watoto. Mama yao akasimama katikati kuwazuia. Wakapita ndani ya mwili wake kama mtu anavyopita kwenye moshi, wakaanza kula. Aliwazaba makofi, hayakuwapata. Aliwangurumia, sauti haikutoka.

Loretta akavuka uwanja akalipiga sinia teke. Todd akaleta jingine, na polisi wakaja kumwonya Loretta asikanyage tena kiwanja cha mtu.

"Hawa watoto nao watauawa," aliwaambia polisi.

"Bibi, rudi ndani upumzike."

Akarudi. Kila asubuhi aliwatazama dirishani, kifungua kinywa kikamshinda. Si kwa uvundo wa yule maiti, huo alishauzoea. Ni wale majirani, waliokuja na viti vyao vya kukunja na vikombe vya kahawa, wameziba pua kwa leso, wanacheka, "Jamani, angalia walivyonenepa!"

Jumamosi moja Todd aliinua simu awapige picha watoto, kisha akaishusha.

"Mama, sogea kidogo," alimwambia marehemu kwa upole. "Unaziba picha."

Mama dubu hakusogea. Todd alisonya, akalichukua sinia, akaenda kuliweka jikoni, mbele ya jokofu, akaacha mlango wazi. Watoto wakamfuata ndani.