Pafu Jipya

Mimi nina hasira za karibu, na siku ile pikipiki ya zahanati ilinitafuta ikanipata. Filta yake ya hewa ilikuwa imeziba kwa vumbi jekundu la Rhamu hata ukiigonga inalia kama tofali, kwa hiyo asubuhi niliitoa, nikaweka mpya, nikajipongeza. Katikati ya safari ya kwenda upande wa Banissa injini ikaanza kukohoa. Nikiongeza mafuta inasitasita, inaruka, na joto linanibabua miguu.

Nyuma yangu alikaa Guled, mfugaji aliyetembea usiku kucha kuja kutuita. Surua ilikuwa imeingia kambini kwao. Mwanawe wa kiume alikuwa ameshashikwa. Binti yake Ugbad, wa miezi tisa, alikuwa bado. Guled alipakata sanduku la barafu lenye chanjo, mikono miwili. Tulipopiga shimo alisema "Bismillahi." Injini ilipokohoa alizidi kulikumbatia sanduku, na hilo ndilo lililonichoma, maana barafu haimsubiri mtu.

Kwenye vibanda vya njiani kulikuwa na fundi, Bare, ambaye hakuwa mnyenyekevu hata chembe. Kila lori lililopita alilisifia kama yeye ndiye aliyelizaa. Alisikiliza injini yangu kidogo tu, akainua kidole.

"Bafu mbya inafuta sana," akasema, akaenda zake kuswali adhuhuri.

Nilisikia bafu. Nikasikia kufuta. Nikawaza, bafu la kabureta ni nini kama si lile bakuli la chini linaloshika petroli? Basi lina uchafu, lataka kufutwa. Nikalifungua, nikalifuta kwa shati langu mwenyewe. Lilikuwa safi. Nikalifuta tena, kwa hasira, huku Guled akilisogeza sanduku kila kivuli kilipohama na kulimwagia maji gunia alilolifunikia.

Bare aliporudi alicheka mpaka akashika nguzo ya kibanda.

"Wewe nafanya nini, dagtari? Mimi nasema bafu!" Akanipiga kofi la kifua. "Hii hapa! Ya kubumua!"

Pafu. Pafu jipya linavuta sana: kwa ulimi wake p ni b, na v ni f. Wenyewe huku filta waliiita pafu, naye alikuwa amenitafsiria vizuri kabisa. Masikio yangu ya Meru ndiyo yaliyoharibu. Akanieleza huku akifungua vitu. Pafu la zamani lilikuwa limeziba, kabureta ikazoeshwa pumzi ndogo. Sasa hewa inaingia tele, petroli ni ile ile kidogo, moto unawaka mkavu. Akachomoa plagi, akanionyesha ncha yake: nyeupe, kama jivu.

"Ukienda hifi, bistoni nashika, nyinyi nalala na fisi. Sasa mimi nabandisha sindano."

Guled akaruka na sanduku lake. "Sindano hapana! Sindano ni ya watoto!"

Hapo hata mimi nilicheka. Bare akamwonyesha sindano ya shaba iliyomo ndani ya kabureta, nyembamba, inayopanda na kushuka kupima petroli. Akahamisha kibanio chake pengo moja chini, sindano ikasimama juu zaidi na kupitisha petroli zaidi. Akageuza skrubu ya hewa polepole, jicho limefungwa, hadi injini ikatulia.

Kisha akatoa amri. Niende uwandani na Guled na sanduku lake, kwa maana pikipiki isiyo na mzigo husema uongo. Nikimbize mpaka mwisho wa nguvu, halafu pale pale kwenye kasi nivute klachi na kuzima. Nisiiache ipunguze mwendo ikiwa inawaka, rangi ya plagi itabadilika. Plagi ikiwa nyeupe, nirudi. Ikiwa nyeusi, nirudi. Ikiwa rangi ya chai ya maziwa, niende na Mungu.

Tuliruka. Injini haikukohoa tena. Ililia sauti moja ndefu, na vumbi jekundu likabaki mbali nyuma yetu. Nikavuta klachi, nikazima.

Sijui niseme nini juu ya kimya kile. Tulikuwa bado tunakwenda kwa kasi, lakini hakuna mlio. Mchanga ulisema ssss chini ya magurudumu. Upepo ulipita kwenye miiba, ndege akaita, mwingine akamjibu kutoka mbali sana, na uwanda wote ukafunguka hadi nikaogopa kupumua. Nilikuwa nimeizoea nchi hii kama mahali patupu penye kelele. Kumbe kelele zote zilikuwa zangu.

Tuliposimama nikafungua plagi. "Chai ya maziwa!" nikapiga kelele. "Guled, chai ya maziwa!"

"Nyamaza, walaal, ndugu yangu." Alikuwa amesimama kidole juu, uso umegeukia vichaka vya ng'ambo ya laga, ule mto mkavu. Hata mimi nikasikia: tok, tok, mti ukigonga mti. Kengele ya ngamia.

"Hiyo koor ni yangu," akasema. "Nilichonga mimi."

Kambi yake ilikuwa bado mbali mbele. Lakini alivuka laga mbio, nami nikamfuata na sanduku.

Ndani ya vichaka tulimkuta mkewe, Maka, akiongoza ngamia kwa njia ya mifugo, mbali na barabara. Mtoto wa jirani alikuwa amefariki alfajiri. Maka akahama na wanawe kuja upande wa dawa. Mvulana alikuwa juu ya ngamia, macho mekundu, akidai maziwa. Ugbad alikuwa mgongoni, safi, hana hata kipele. Na kama tusingezima pale? Tungepita na mlio wetu, tungefika kambini na kukuta nafasi yao tupu.

Barafu ilikuwa bado ipo. Nikamdunga Ugbad, akalia kwa nguvu zake zote. Baadaye tungeendelea kwa wale wengine. Maka akasema maneno mengi, haraka, machozi yakimtoka, na Guled akanitafsiria.

"Anasema alisikia bikibiki. Halafu ikanyamaza ghafla. Akasema, basi, dawa imekufa njiani."

Maka akauliza kitu tena, akinitazama mimi. Guled alimfuta Ugbad machozi, kisha akanitafsiria.

"Anauliza," akasema, "nani aliwaambia muzime hapo."