Rejeta Iliyopulizwa kwa Mdomo

Mashine ya upepo ya gereji iliharibika Jumatatu, kwa hiyo kaka mkubwa akawa anapima rejeta za mtumba kwa pumzi zake mwenyewe. Aliziba mdomo wa juu wa rejeta kwa kitambaa, wa chini akauchomeka mpira, akaitumbukiza kwenye pipa la maji, akapuliza. Palipovuja palitoa viputo, naye akapazungushia chaki. Ila viputo vyake vilipopasuka, vilisema.

Cha kwanza kilisema, "Wateja wanamuulizia mdogo wangu tu."

"Bomba la pili hilo," akasema mwenye rejeta, dereva wa teksi aliyekuwa na haraka zake. Kaka mkubwa akapiga chaki.

Wivu ulikuwa unamla, tena vibaya. Yeye ndiye aliyemfundisha mdogo wake kazi, tangu kukaza boliti hadi kuchomelea. Leo mtu akiingia getini swali ni lile lile: "Yule mdogo yupo?" Hata mama yao nyumbani humpakulia mdogo kwanza, eti maskini kachoka. Na yeye ameshinda akicheza? Lo!

Asubuhi hiyo mdogo alikuja kuchukua boksi lake la vifaa. Alikuwa ameachishwa kazi wiki iliyopita, kwa sababu rejeta aliyoipima na kuipitisha ilimwaga maji yote njiani, injini ya mteja ikafa. Na mke wa mdogo alikuwa na mimba ya miezi minane.

"Shikamoo, kaka."

Kaka alikuwa na mpira mdomoni, hivyo marahaba ikatokea majini. Nyuma yake kikapanda kiputo kikubwa.

"Ile rejeta ilikuwa nzima. Niliitoboa mimi kwa msumari, yeye alipokwenda kula."

Mama mwenye gereji, aliyekuwa mezani na daftari lake la hesabu, akainua miwani. "Bomba la ngapi hilo?"

"La tano," akajibu dereva.

"Basi lichomelewe." Akamgeukia mdogo. "Nimesikia, mwanangu. Lakini barua yako nilishaitia sahihi, na fundi mpya anaanza kesho."

Kaka mkubwa alitamani atukanwe, azabwe hata kofi moja mbele za watu, roho yake itulie. Mdogo akaweka boksi chini, akainama juu ya pipa, akaonyesha kwenye kona ya rejeta, pale inapokutana na tangi la chini.

"Kaka, na hapa pia. Kijitundu chembamba, kinakupita machoni. Puliza tena, taratibu."

Akapuliza. Kiputo kimoja kidogo kama punje ya mtama kikapanda, kikapasuka.

"Hata hiki kakiona yeye," kikasema.

Mdogo akabeba boksi lake, akaaga kila mtu kwa heshima, akatoka getini. Kaka mkubwa akapazungushia chaki.